Kidole Gumba cha Mguu Kikianza Kuinama



Nilipofika Marekani nikitoka kambi ya Nyarugusu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani. Kambini nilizoea ndala; hapa nikapewa buti zenye chuma mbele. Zilinibana, lakini niliona aibu kuomba nyingine. Nilidhani mgeni akilalamika atafukuzwa. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na nundu kando ya kidole gumba cha mguu, ikiniuma hadi usiku. Nakuandikia ili wewe usingoje kama mimi.

Nundu hii ni nini?

Si jipu, si nyama iliyoota, wala hujarogwa. Ni mfupa uliohama. Mfupa ulio nyuma ya kidole gumba husogea nje polepole, na kidole chenyewe huinama kuelekea vidole vingine. Kiungo hujitokeza, kiatu hukisugua, kikavimba. Wengi hurithi umbo la mguu lenye kupata tatizo hili kwa urahisi. Huenda mama au bibi yako analo pia. Viatu vyembamba mbele na visigino virefu huliongeza. Kliniki wataiita bunioni.

Unachoweza kufanya sasa

- Simama juu ya karatasi, chora mguu wako, kisha ukate mchoro huo. Uweke juu ya kiatu. Karatasi ikizidi upana wa kiatu, kiatu hicho si chako, hata kama umepewa bure.
- Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Omba vipana, namba za hapa si sawa na tulizozoea.
- Funga barafu kwa kitambaa, weka kwenye nundu dakika 10 hadi 15.
- Duka la dawa huuza vipande laini vya kuzuia msuguano.

Haya hupunguza maumivu, lakini hayarudishi mfupa. Dawa ya kupaka au kifaa cha kuvaa usiku havitanyoosha kidole cha mtu mzima. Usitupe pesa zako huko.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda kama maumivu yanakuzuia kutembea au kufanya kazi. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto kwa ghafla, usikawie: huenda ni jongo au maambukizi. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa sababu kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kumletea hatari kubwa. Omba mkalimani, hulipi chochote. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Upasuaji hukata na kunyoosha mfupa. Hufanywa kwa sababu ya maumivu, si kwa urembo. Kupona huchukua wiki nyingi, na uvimbe unaweza kubaki miezi kadhaa. Kwa hiyo kabla hujakubali, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima, kisha uje tuzungumze kuhusu kazi. Sheria ya likizo ya ugonjwa hulinda kazi yako hadi wiki 12 bila malipo, lakini kwa kawaida ni lazima uwe umemaliza miezi 12 kwa mwajiri huyo, tena mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi.

Mimi sikupasuliwa. Hatimaye niliomba buti pana, na msimamizi akaniletea kesho yake. Sikufukuzwa. Kama unaogopa kuomba, njoo ofisini tuandike ombi hilo pamoja.

Mhudumu wako