Mtoto Akiitwa Kupimwa Moyo: Maswali ya Mzazi wa Riruta

Barua huja na mtoto kutoka shuleni, imekunjwa ndani ya mkoba. Yasema kwamba watafiti watakuja kupima afya ya moyo na nguvu za mwili za vijana, na chini kabisa pana mstari wa mzazi kutia sahihi. Wako wazazi watiao sahihi pasi na kusoma, na wako waichanao kwa hofu. Njia zote mbili zina hasara. Yafaa mzazi ajue kwanza kinachopimwa ni nini, faida yake ni ipi, na haki za mwanawe ni zipi.

Jamaa zetu waliotoka Pwani wakahamia Riruta waijua hali ya mtaa. Nyumba zimepanda ghorofa juu ya ghorofa, na uwanja wa kuchezea ni haba. Barabara ya Naivasha, itokayo Dagoretti Corner ikapita Riruta kuelekea Kawangware, hujaa matatu na bodaboda, na mama hana budi kumzuia mwanawe ndani. Ndani mna televisheni na simu. Nje ya lango pana chipsi na soda. Mtoto aweza kuonekana mzima kabisa ilhali moyo wake haupati kazi ya kutosha.

YALIYOONEKANA NAIROBI

Hili si jambo la kudhania. Kati ya 2011 na 2013, Nairobi ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa uitwao ISCOLE, uliofanywa katika nchi 12 kwa watoto wa miaka 9 hadi 11. Hapa kwetu ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, chini ya uongozi wa Profesa Vincent Onywera. Walishiriki watoto 563 kutoka shule 29 za jiji.

Kila mtoto alipimwa kimo, uzani na mzingo wa kiuno. Kisha alifungwa kiunoni kidude kidogo chenye mkanda, akakivaa usiku na mchana kwa siku 7, akikivua wakati wa kuoga tu. Kidude hicho hakichomi wala hakitoi damu. Kazi yake ni kuhifadhi hesabu ya mwendo wa mwili. Maswali juu ya chakula, usingizi na saa za kutazama televisheni yalijibiwa kwa maandishi.

Matokeo yake yafaa kutuamsha. Katika kila watoto 100, takriban 21 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Waliofikia dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani, hawakuzidi 13 katika 100. Tena, huko Marekani na Brazil unene ulielekea zaidi kwa watoto ambao wazazi wao wana elimu ndogo. Hapa Kenya ulielekea kwa watoto wa akina baba waliosoma zaidi. Yaani neema yenyewe, isipotumiwa kwa kiasi, yaweza kumdhuru mtoto tunayemtafutia.

Kabla ya hapo, watafiti wa Kenya na Canada walikuwa wamelinganisha watoto wa mjini na wa mashambani. Waliwakimbiza mbio za mita 20, kwenda na kurudi, kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha, mpaka mtoto ashindwe kuufuata. Kipimo hicho chaonyesha jinsi moyo na mapafu yanavyoweza kuulisha mwili hewa. Katika matokeo yao ya 2011, watoto wa Kenya wa mashambani waliwashinda wenzao wa Nairobi.

KWA NINI VIJANA?

Msomaji aweza kuuliza: moyo si maradhi ya wazee? Jibu lilipatikana katika mji mdogo wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, Marekani. Tangu miaka ya 1970, Daktari Gerald Berenson na wenzake waliwapima watoto wa mji huo na kuwafuata hadi utu uzima. Baadhi yao walipofariki wangali vijana, kwa ajali na sababu nyinginezo, mishipa yao ilichunguzwa, ikaonekana kwamba alama za mafuta huanza kujijenga tangu utotoni. Kadiri kijana alivyokuwa na unene, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu, ndivyo alama zilivyozidi. Maarifa hayo yawafaa leo madaktari wa dunia nzima, nayo yalipatikana kwa sababu wazazi wa mji mmoja walikubali. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa huu huanza mapema.

MASWALI YA KUULIZA

Kukubali, hata hivyo, si kukubali kwa upofu. Kwanza, uliza kibali. Mtafiti nchini Kenya hutakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Mwenye hakika ya kazi yake hatachukia kuonyesha karatasi.

Pili, uliza nani anayelipa. Utafiti wa ISCOLE uligharimiwa na kampuni ya Coca-Cola, na watafiti walilitaja hilo waziwazi katika maandiko yao. Si lazima fedha ziharibu vipimo, lakini mzazi ana haki ya kujua.

Tatu, uliza sitara. Nani atampima binti kiuno, na mahali gani? Omba mpimaji wa kike na chumba cha faragha. Ni ombi la haki. Ikiwa ni Ramadhani, omba mbio ziahirishwe, kwani mtoto aliyefunga asiyekunywa maji hapaswi kukimbizwa mpaka achoke.

Nne, sema ukweli wa afya yake. Mtoto aliyewahi kuzirai akicheza, mwenye pumu, maumivu ya kifua, au aliyepata homa ya baridi yabisi, aonwe na daktari kabla ya kukimbia.

Tano, uliza habari zake zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto. Ikiwa watatoa damu, uliza kiasi chake na iendako. Uliza pia kama utaarifiwa shinikizo likionekana limepanda, na utampeleka wapi.

Mwisho, mtoto mwenyewe aulizwe. Sahihi ya mzazi haitoshi ikiwa kijana hataki, na aliyeanza ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kuadhibiwa.

Majibu yakiridhisha, mtie moyo ashiriki, kwani huenda kipimo chake kikawafaa wengi asiowajua. Yasiporidhisha, kataa kwa upole. Lakini dakika 60 za kila siku hazingojei mtafiti wala sahihi. Kijana aendaye msikitini na madrasa kwa miguu, akacheza mpira baada ya alasiri na kunywa maji badala ya soda, ameanza kuulinda moyo wake leo.