Uganda: Nchi ya Jirani, na Daftari la Lugogo

Uganda ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 241,000, na sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla yetu Wakenya. Mlima Elgon, ambao ni wetu sote, una kimo cha mita 4,321. Wilaya zinazidi 130. Kahawa ndiyo zao kubwa, matoke ndiyo chakula, na mji mkuu ni Kampala. Sisi wa Busia na Malaba mengi ya haya tunayajua, maana tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, msafiri anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.

Barabara ya kutoka Malaba inapita Tororo, Iganga na miwa ya Kakira hadi Jinja, ambako Nile inatoka ziwani na bwawa la Nalubaale linafua umeme tangu 1954. Kisha unaukata msitu wa Mabira, unapita Lugazi na Mukono. Barabara hiyohiyo, kabla haijafika katikati ya Kampala, inapita Lugogo, na hapo niliteremka kutazama mechi ya kwanza ya msimu mpya wa ligi ya kriketi.

Nilikaa karibu na meza ya waandishi wa alama, kila timu na wake. Tangu hapo sikuangalia uwanja peke yake. Kila mpira unaorushwa una kiboksi chake daftarini. Usipozaa mkimbio, nukta. Ukipigwa hadi mpakani, 4. Mpigaji akitolewa, W ya wiketi. Ova nzima ya mipira sita ikipita bila mkimbio hata mmoja, penseli inaziunganisha nukta sita zikawa herufi M. Mwamuzi akiinua mikono yote miwili kuashiria mikimbio sita, mwandishi naye anainua mkono wake kutoka mezani kumjibu kwamba ameona, na mchezo hauendelei mpaka ajibiwe. Ova ikiisha, waandishi wawili wanasomeana hesabu kwa sauti ya chini; zikitofautiana, wanarudi nyuma mpira kwa mpira hadi wapate kosa.

Ndiyo maana tunaweza kusema bila kubahatisha alichofanya Frank Nsubuga huko Guyana tarehe 5 Juni 2024, Uganda iliposhinda mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia la ova 20. Akiwa na miaka 43 alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 tu na kuangusha wiketi 2. Papua New Guinea walitoka wote kwa 77. Siku tatu baadaye West Indies waliwatoa Waganda kwa 39, na hilo nalo limeandikwa, halikufichwa. John Nagenda, mwandishi Mganda, aliichezea timu ya pamoja ya Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, 1975. Ukitaka kujua leo alirusha ova ngapi, idadi ipo.

Ya kwetu nayo yameandikwa: sisi Wakenya tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, tukatolewa na India mjini Durban. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Nahodha wetu wa 2003, Steve Tikolo, alikuja kuwa kocha wa Uganda. Na Novemba 2023, kule Namibia, Uganda iliifunga Zimbabwe na kujipatia nafasi ya Kombe hilo la ova 20 katika mashindano ambayo sisi pia tulikuwemo.

Jamani, sasa tazameni soka letu la mitaani, lisilo na daftari. Mheshimiwa analeta jezi, fahali anafungwa kando ya goli, wananchi wanajaa, mshindi anapatikana. Mwaka unaofuata uliza nani alifunga mabao mangapi, utasikia majina manne tofauti. Kijana akienda kujaribiwa na klabu ya Nairobi anakwenda na maneno matupu, hana hata ukurasa mmoja wa kumshuhudia. Daftari na penseli havingoji bajeti ya kaunti. Vinamtaka mtu mmoja mwenye subira, aketi mezani kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

Kule Uganda kriketi na daftari lake wanaanza mapema. Busoga College Mwiri, juu ya kilima karibu na Jinja, ni miongoni mwa shule zinazoleta timu kwenye wiki ya kriketi ya shule. Mwalimu wa michezo kutoka kwetu apande basi la Kampala, ashuke Lugogo na kusogea mezani. Mimi nilipouliza kwa adabu, walinieleza alama moja moja hadi mapumziko.