Dawa ya Kijani si Maji ya Kunywa

Wafanyakazi wenzetu, mmesikia bila shaka kwamba betri zilizokufa za simu na za magari ya umeme hazitupwi tena ovyo. Katika nchi nyingi zinafunguliwa ili kobalti, nikeli na litiamu zitolewe na kutumiwa upya. Tena inasemwa kwamba kazi hiyo itafanywa kwa viyeyusho vya "kijani", yaani dawa za kuyeyushia madini zisizoharibu mto, hewa wala mwili. Je, habari hiyo yatuhusu sisi wa Mutoshi, Ruwe ya wazee wetu, tunaotoa kobalti ardhini? Yatuhusu sana.

Kobalti ya betri ya simu ni kaidi kama ile ya jiwe letu jeusi, heterojeniti. Katika vyote viwili imefungwa na oksijeni kwa namna ambayo asidi ya salfa peke yake haiifungui vizuri. Ndiyo sababu katika viwanda vya Lualaba huongezwa gesi ya dioksidi ya salfa, au ule unga mweupe wa metabisulfiti unaotoa gesi hiyo hiyo ukikutana na asidi. Aliyepita karibu na tangi anaijua: macho yanatoa machozi, koo linawaka, na mwenye pumu huzidiwa kabla ya wenzake. Wanaoyeyusha betri kwa asidi hidrokloriki wana taabu kubwa zaidi, maana kobalti hiyo huigeuza sehemu ya asidi kuwa gesi ya klorini.

Kwa hiyo wataalamu wamefanya vema kutafuta njia nyingine. Wapo wanaotumia asidi ya sitriki, ile iliyomo katika ndimu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitangaza mchanganyiko wa vitu viwili: kloridi ya kolini, ambayo hutiwa katika chakula cha kuku, na etileni glikoli, ambayo hutiwa katika radieta za magari. Waliupasha moto hadi nyuzi 220, ukayeyusha asilimia 90 na zaidi ya kobalti na litiamu. Chakula cha kuku! Nani angeogopa?

Mwaka 2022 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliuchunguza mchanganyiko huo katika joto kali la kazi. Waliona kwamba wenyewe unavunjika na kutoa trimetilamini, yenye harufu ya samaki aliyeoza, na kloroetanoli, sumu kali inayopenya ngozi na hata mpira wa glavu za kawaida. Basi ukiletewa dawa mpya, muulize kapita wako: itapashwa moto kiasi gani, ikipashwa inageuka nini, na hewa ya mahali pale inatolewa nje kwa njia gani? Jina lililoandikwa juu ya bidoni halijibu maswali hayo.

Na tuseme wazi juu ya bidoni lenyewe, kwa sababu hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani. Kwetu bidoni la plastiki ni mali. Likiisha kazi hubebwa hadi nyumbani likachotewe maji au likawekwe mafuta ya mawese, na mama wa nyumba hawezi kujua lilibeba nini. Etileni glikoli haina harufu, na ni tamu. Mtoto akiionja atataka tena. Kwanza huonekana kama amelewa, anayumba na kutapika. Baadaye damu yake huchachuka kwa asidi na mafigo huanza kufa.

Bidoni tupu la kiyeyusho litobolewe kiwandani, mbele ya kapita, wala lisipite mlangoni hata kama limeoshwa mara kumi. Mtu akiwa amekunywa, msingoje dalili wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali saa ile ile, na bidoni au karatasi yake mkononi, ili daktari ajue ni glikoli: dawa yake ipo, nayo hufaa ikitolewa mapema.