Mnada wa Intaneti na Sare ya Kuazima

Katika miji na vijiji vyetu mnada ni jambo la hadhara. Mnunuzi huishika mali, huigeuza, humtazama dalali usoni, na akiona hila huondoka na fedha zake mfukoni. Mnada wa intaneti umeyaondoa hayo yote. Mali huonekana kwa picha tu, muuzaji hujulikana kwa jina alilojipa mwenyewe, nazo fedha huondoka kabla mzigo haujafika. Kwa kuwa wapo askari wanaotaka kununua simu, vipuri au hata gari kwa akiba ya mshahara au posho waliyoipata Somalia, tumeona yafaa kuwaeleza wanaoanza jinsi biashara hiyo inavyokwenda.

Tuchukue mfano wa eBay, ulioanzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995. Mali ya kwanza kuuzwa ilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, kikapata dola 14.83. Mnunuzi alijua ni kibovu, naye alikitaka hivyo hivyo. Muuzaji alikuwa amesema kweli, na biashara nzima ya namna hii husimama juu ya ukweli huo.

Mnadi wa eBay si mtu, ni mashine. Mnunuzi huiambia kwa siri kiwango chake cha mwisho, nayo humpandishia dau kidogo kidogo, kwa kadiri ya kumpita mshindani tu. Tuseme mali imeanza kwa dola 30. Wewe umeweka mwisho wako dola 60, na mwenzio dola 45. Utaipata kwa dola 46, wala si 60. Hakuna haja, basi, ya kukesha mbele ya simu ukishindana na mtu usiyemjua. Fanya hesabu mapema, utie humo nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Uganda ni asilimia 18. Kisha andika kiwango kimoja na uende lindoni. Dau likikupita, liache lipite. Wapo wauzaji wanaowatumia rafiki zao kupandisha bei ya mali yao wenyewe. Jambo hilo limekatazwa lakini hufanyika, na anayeumia ni yule mwenye uchu wa kushinda.

Hata hivyo, hatari kubwa haimo katika dau, imo katika njia ya fedha. Anayelipa ndani ya mnada wenyewe ana dhamana: mzigo usipofika, au ukifika tofauti na maelezo, aweza kudai arudishiwe fedha zake, ili mradi alalamike ndani ya siku 30. Laghai hulijua hilo. Ndiyo maana atakuomba mtoke nje ya mnada “ili bei ipungue”, umtumie fedha kwa hawala au umsomee namba za kadi za zawadi. Ukifanya hivyo, dhamana imekwisha.

Na hapa pana jambo linalowahusu wenye sare moja kwa moja. Huko Marekani, wapelelezi wa jinai wa jeshi la nchi kavu wamepata kuonya juu ya hila moja ya magari. Gari zuri hutangazwa kwa bei ya kushangaza. Muuzaji hujitambulisha kuwa ni askari anayepelekwa ng’ambo, hivyo hana nafasi ya kuonana nawe. Gari, asema, liko tayari kwa wasafirishaji, na eBay itazishika fedha mpaka uridhike. Kisha huja barua pepe yenye nembo ya eBay, kumbe ameiandika yeye. Picha ya askari imeibwa, na gari halipo. Askari msomaji yumo hatarini kuliko raia, kwa sababu amezoea kumwamini mwenzake. Lakini sare katika picha haina namba ya jeshi unayoweza kuihakikisha. Tena dhamana tuliyoitaja haihusu magari, na tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi.

Soma pia sifa za muuzaji zilizoandikwa na wanunuzi waliotangulia. Mtu aliyeuza vifungo mia tatu, na leo ghafula ana simu kumi za bei ghali, huenda jina lake limetekwa na mwizi.

Anayeuza naye asitume mzigo kwa kuamini barua pepe inayosema fedha zimelipwa. Afungue hesabu yake mwenyewe aziangalie. Apeleke mzigo kwenye anwani iliyoandikwa katika mnada tu, na aitunze namba ya kuufuatilia. Kombati, buti na vifaa vya kazi haviingii katika mazungumzo haya. Hivyo ni mali ya serikali.

Aliyekwisha kulaghaiwa asifute ujumbe wowote kwa aibu. Aujulishe mnada na benki siku hiyo hiyo, kisha afike kituoni na namba ya mali, tangazo, barua zote na risiti ya malipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inalitaja kosa la ulaghai wa namba hii, na polisi anayeandika maelezo atahitaji karatasi hizo kabla ya kitu kingine chochote.