Begi la mwindaji: litazame kwa mgongo, joto na sheria

Jirani yangu hapa Gitothua, Ruiru, ni mtu wa Kilifi kama mimi. Juzi alirudi kutoka sokoni na begi kubwa la mitumba, lenye fremu ya chuma mgongoni na madoa ya zamani ndani. Mwuzaji alimwambia ni begi la wawindaji wa Marekani, la kubebea nyama kutoka porini. Swali lake lilikuwa moja: je, litamfikishia nyama ya mbuzi nyumbani?

Nimemjibu kwa hatua tatu, na huenda zikamfaa msomaji mwingine anayewaza hivyo hivyo.

Kwanza, mgongo. Begi la namna hii limeshonwa kwa ajili ya mzigo mzito uliolegea. Nyama mbichi haitulii kama nguo. Huteremka chini na kukuvuta nyuma. Ndiyo maana lina fremu, na mkanda mpana wa kiunoni. Uzito mwingi unapaswa kukaa kwenye nyonga, na mabega yashike tu mzigo usiyumbe. Mengine yana rafu kati ya fremu na mfuko, ili nyama ikae karibu na uti wa mgongo, nguo na maji vikae nyuma yake.

Kulipima ni rahisi. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa takriban kilo 14 za nyama na mifupa. Tia pakiti 7 za unga za kilo 2, funga mkanda, kisha tembea na upande ngazi. Mabega yakiuma kabla ya dakika 10, fremu haikufai. Kagua mshono wa mikanda, zipu na vifungo. Sehemu ya ndani iwe ya kuoshwa: damu huondolewa kwa maji baridi kwanza, sabuni baadaye, kisha begi lianikwe juani.

Pili, joto. Hapa ndipo wengi hukosea. Wawindaji wa Ulaya na Marekani huwinda zaidi majira ya baridi yanapoingia, na hewa yenyewe huwapozea nyama. Begi lao halina barafu. Vijidudu huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ushauri wa kawaida ni kwamba nyama isikae katika joto hilo zaidi ya saa 2; hewa ikipita nyuzi 32, isizidi saa 1. Basi la kwenda Pwani hutumia usiku mzima njiani. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa safari fupi, ya kutoka machinjioni hadi nyumbani, iache nyama ipoe kwanza, ifunge kwa kitambaa safi cha pamba kama bafta, ndipo uitie begini. Mfuko wa plastiki hufungia joto na unyevu, na nyama huchacha mapema. Kwa safari ndefu, igandishe hadi iwe jiwe, uibebe katika sanduku la barafu kama la wauza samaki. Wazee wetu walikuwa na njia nyingine: waliikata vipande vyembamba wakaikausha. Karibu robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji, hivyo ikikauka inakuwa nyepesi na haiharibiki haraka.

Tatu, sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani hata anayekutwa na nyama ya porini. Haijalishi kama ni paa wa Arabuko-Sokoke au swara wa Tsavo. Kijana anayeambiwa "bebea tu mzigo huu, utalipwa" ajue kwamba begi likifunguliwa barabarani, aliyelibeba ndiye atakayeulizwa. Tanzania huruhusu uwindaji wenye leseni na mabucha maalumu ya nyamapori, lakini ruhusa hiyo haivuki nawe Lunga Lunga.

Nyama ya mifugo nayo ina masharti yake. Ya kuuzwa lazima ikaguliwe, ipigwe muhuri, na isafirishwe katika chombo kilichoidhinishwa. Begi la mgongoni si chombo hicho. Hata kama ni ya kula nyumbani, mwite mkaguzi. Mwaka 2023 kimeta kiliua watu Murang'a, ng'ambo tu ya Thika. Mnyama aliyekufa ghafla asichinjwe wala kupasuliwa, na usitegemee moto wa jikoni kukuokoa.

Kwa hiyo, begi la jirani yangu ni zuri, na bei haikuwa mbaya. Litamfaa kubeba nyama iliyokaguliwa kutoka machinjioni hadi nyumbani kwake, na mizigo mingine ya shamba. Kilifi halitafika na nyama salama. Tulikaa tukapiga hesabu ya nauli, barafu na wasiwasi, akaamua pesa zitangulie kwa M-Pesa, mbuzi anunuliwe huko huko na kuchinjwa asubuhi ya shughuli. Yeye atasafiri na begi lake likiwa na nguo na zawadi za watoto.