Kitabu cha Mtaalamu na Somo la Utamaduni

Mwalimu afundishaye utamaduni wa Taifa hana budi kutambua kwamba maelezo ya wataalamu juu ya jamii ni ushahidi, wala si hukumu. Tuchukue mfano wa hapa Rungwe. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliwachunguza Wanyakyusa. Kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, kilieleza vijiji vya marika: wavulana waliondoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao, na hatimaye wakaoa humo humo. Kiini chake kilikuwa ukwangala, yaani furaha ya kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzi wa rika. Mwaka 1969 S. R. Charsley aliuchunguza upya utawala wa machifu wa Wanyakyusa, akahoji baadhi ya maelezo hayo.

Tukifundisha kana kwamba vijiji hivyo vingalipo, mtoto wa Makandana hatajiona katika somo, na mwenzake asiye Mnyakyusa atajihesabu mgeni. Kwa hiyo twashauri hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wawaulize wazee wa makabila mbalimbali jinsi vijana walivyolelewa. Pili, walinganishe majibu na kitabu. Tatu, wajadili lipi linawafaa Watanzania wote.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka yaliyo bora katika mila za makabila yote yawe sehemu ya utamaduni wa Taifa. Kazi ya kuyapambanua huanzia darasani.