Fahamu: Mirabaha ya muziki isiyodaiwa humfikiaje mtunzi?

Mtunzi wa muziki wa mugithi mjini Sagana, Kenya, anaweza kuwa na pesa Marekani asijue.

Hutoka wapi? Wimbo ukisikilizwa Marekani kwenye Spotify au Apple Music, mtunzi hustahili mirabaha yake, mbali na ya rekodi.

Kwa nini hukwama? Wimbo hupakiwa bila jina la mtunzi, au jina huandikwa vingine.

Nani huishika? Chini ya sheria ya Marekani ya 2018, taasisi ya The MLC. Februari 2021 ilipokea takriban dola milioni 424 zilizokosa wenyewe.

Ufanyeje? Kama hujamkabidhi mchapishaji haki zako, jiunge na The MLC. Ni bure, hata kwa Mkenya. Andikisha kila wimbo, watunzi wote na fungu la kila mmoja. Mirabaha isipodaiwa, sheria inaruhusu wagawiwe wengine. Usiache jasho lako lipotee.